Yule Waliyemwita Nyani

Nyumbani kwa Mzee Mabula,
Tinde, Shinyanga.
17 Agosti, 2025.

Mpendwa Kaka Theonest,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Agnetha na mwanetu Sostenes, ambaye kwa picha alizotuma mama yake naona ameshakupita kimo na ameanza kukutazama kwa juu. Goti lako linaendeleaje? Nasikia huko Winnipeg sasa ni kiangazi, kwa hiyo angalau umelivua lile koti linalokufanya uonekane kama mtu aliyejifunga godoro. Mama aliiangalia ile picha akauliza kama ulikuwa unaumwa.

Sisi huku tunaendelea. Mama miguu inamsumbua, lakini mnadani anakwenda mwenyewe na harudi mpaka apunguziwe bei. Doto yuko Masumbwe na mashine yake ya kukoboa mpunga. Mimi niko hapa tangu chuo kilipofunga, nitarudi Mwanza kufundisha mwezi ujao. Mpunga mwaka huu ulikubali, dengu zilikataa, na vumbi la malori ya barabarani limeshafika mpaka kwenye vyombo vya kabatini. Baba ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake nitakueleza humu, maana ndiyo yaliyonikalisha chini na kalamu.

Usishangae kupata karatasi. Zile sauti ulizonitumia kwenye simu nimezisikiliza zote, hata ile ndefu uliyorekodi ukiwa na hasira huku basi likinguruma. Sikujibu kwa sauti kwa sababu hapa nyumbani sauti ya mtu haina mwenyewe, ikilia sebuleni inasikilizwa na ukoo mzima. Bhoke, yule muuguzi jirani yenu, anarudi huko wiki ijayo na amekubali kuibeba. Naomba uisome ukiwa peke yako, na ukishaisoma usimpigie baba siku hiyohiyo.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nilimwambia mzee yale niliyomwambia wakati ningeweza kunyamaza, asizikwe mtu yeyote, na mzee akabaki na amani yake. La pili, kama bado nafundisha watoto wa watu kuwa binadamu ametokana na nyani. Naanza na la pili kwa kuwa ni jepesi.

Sijawahi kufundisha hivyo, kaka. Ni miaka nahangaika na neno hilo moja. Nyani unayemwona akiiba mahindi ni kiumbe wa leo kama wewe na mimi, ana ukoo wake na safari yake. Ninachofundisha ni kwamba ukirudi nyuma, nyuma kabisa, kuliko masimulizi ya bibi na kuliko milima hii ya mawe ilivyo sasa, ukoo wake na wetu unakutana. Ni ndugu wa mbali. Hajatuzaa. Lakini Kiswahili cha shule kilishatamka "tumetokana na nyani", watu wakacheka, wakakasirika, na mpaka leo nikifungua mdomo kusema mageuzi, msikilizaji anaona mkia.

Nitakupa mfano mmoja tu halafu nikuache. Ng'ombe wa baba hajawahi kula chungwa, wala mbuzi hahitaji limao. Vitamini tunayoitafuta kwenye matunda, wao mwili unaitengeneza wenyewe, maelekezo yake yamo ndani ya vinasaba vyao. Sisi nasi maelekezo hayo tunayo, ila yameharibika, hayafanyi kazi. Sokwe naye anayo, yameharibika. Nyani naye. Na ukiyasoma hayo maandishi herufi kwa herufi, kama tunavyoyasoma maabara, unaona kuharibika kwao kunafanana na kwetu mno. Wewe umewahi kuwa mwalimu. Wanafunzi wawili wakikosa swali hushangai, ila wakikosa kwa makosa yaleyale unajua karatasi ilikuwa moja. Hiyo ndiyo kazi yangu, kusoma makosa yaliyorithiwa.

Mungu simtoi humo. Sina chombo cha kumpimia na sijawahi kujifanya ninacho. Wanaoamini dunia iliumbwa kwa siku sita kama hizi zetu siwadharau pia, ndio walionilea, wakauza ndama nikasome. Ninachokataa ni kitu kimoja tu: mtu kuniambia kwamba jambo halipo kwa kuwa hataki liwepo. Ukinielewa hapo, umeshanielewa na kwenye lile swali la kwanza.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Unakumbuka masika ya mwaka 2021 nilialikwa redioni Shinyanga kueleza habari za vinasaba. Nilizungumza zaidi juu ya sikoseli, kwa nini imejaa Kanda ya Ziwa, jinsi mwenye nusu yake, aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, malaria inavyomwogopa. Mwishoni msikilizaji mmoja akapiga kuuliza kama sisi ni nyani. Nikajibu kama nilivyokujibu wewe. Kesho yake mji mzima wa Tinde ulikuwa unasema binti wa mwinjilisti Mabula ametangaza kuwa baba yake ni nyani.

Baba alilibeba kanisani Jumapili ile. Alihubiri mpaka sauti ikakauka kwamba yeye aliumbwa kwa mkono wa Mungu, yeye na watoto wake wote, na hakuna nyani katika nyumba yake. Vijana wa kijiweni, unawajua, hawakuiacha ipite hivihivi. Wakaanza kumpigia kwa namba ngeni na kulia kama nyani simuni, au kuuliza kama nyani wake wameshakula. Sisi tulicheka. Hata wewe ulicheka, ulinitumia ujumbe ukasema ndiyo faida ya kusomesha wasichana.

Masika ileile ndiyo ndugu yetu Kulwa, pacha wa Doto, akapotea. Alikuwa kwenye machimbo madogo kule upande wa Kharumwa, simu yake ikawa haipatikani, tukasema ni mtandao. Baadaye tukasema amehamia Chunya. Mtu mmoja akasema amemwona mpakani Tunduma, tukashukuru. Mwaka ukapita, na mwingine. Doto peke yake hakuwahi kukubali habari za Tunduma. Kila alipoulizwa alisema, "Angekuwa hai angenipigia, mimi siyo nyinyi."

Mwaka huu kuna mtu alinunua lile eneo, akaanza kufukua maduara, yale mashimo ya zamani ya dhahabu, yaliyokuwa yamefukiwa na kifusi. Katika mojawapo wakakuta mifupa ya mtu mmoja. Polisi wakaichukua, na kwa kuwa tulikuwa tumeshatoa taarifa ya kupotelewa, wakatuita ndugu tupeleke mtu wa kupimwa naye. Akaenda Doto. Nilimwomba aende yeye, pacha wa yai moja na mwenzake, maana hakuna kipimo cha wazi zaidi ya hicho.

Sasa sikiliza yaliyompata Doto alipofika machimboni. Alitaka kwanza apaone mahali penyewe kabla ya kwenda kutoa mate yake. Alipoingia tu kwenye vibanda, mama mmoja muuza uji aliangusha chupa ya chai, akarudi nyuma mpaka akagonga mlingoti. Watu wakaanza kusogea mbali naye. Hakuna aliyemsalimia, na yeye hakuelewa, mpaka mwanaume mmoja akatoka kwenye kivuli cha turubai, akamjia polepole, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya miguu yake. Akasema, "Nyani, nilimpigia baba yako. Nakuapia nilimpigia."

Mtu huyo anaitwa Masalu. Ilimchukua Doto muda kumwinua na kumweleza kuwa yeye ni pacha, hajafa wala hajafufuka. Kisha wakakaa, akamwambia yote.

Pale machimboni, kaka, watu hawatumii majina ya nyumbani. Mtu anapewa jina siku anayofika na hilo ndilo linamzika. Vijana wanaoshuka duarani bila kamba, kwa mikono na miguu tu, wakijishikiza kwenye vijiti vya pembeni, wanaitwa nyani. Ndugu yetu alikuwa hodari wao. Masalu alimfahamu kwa jina hilo tu, Nyani wa Tinde, hajui kama aliwahi kuitwa Kulwa. Siku udongo uliposhuka, Nyani alikuwa chini. Mwenye duara wa wakati ule alikataa kuleta watu wa kufukua. Alisema nyani wanashuka bila kuandikwa, yeye hana mtu chini, na kama huyo ana ndugu basi ndugu waje waseme kwamba ni wao, ndipo kifusi kitolewe.

Masalu alikuwa na namba ya baba kwenye simu yake kwa sababu Kulwa aliwahi kuiazima kumsalimia mzee. Akapiga. Akasema alivyojua kusema, "Mzee, nyani wako amefukiwa. Wanataka uje useme ni wako." Na sauti ya mzee ikamjibu, "Mimi sina nyani," ikakatika. Akapiga tena, simu ikawa imezimwa.

Kuna jambo la mwisho alilolisema Masalu, na hili naliandika mara moja tu. Kifusi kilipotulia, kulikuwa na mtu anagonga kule chini. Jiwe juu ya jiwe. Waliokuwa juu walisikia wote, hata yule mama wa uji. Aligonga siku ile na siku iliyofuata, halafu hakugonga tena.

Doto alirudi akanieleza mimi peke yangu, tukiwa tumekaa nyuma ya mashine yake huko Masumbwe, pumba za mpunga zikitujaa nywele. Ndipo nikaelewa kwa nini baba aliacha kuhubiri habari za uumbaji ghafla mwaka ule, tukadhani amechoka, na kwa nini alibadilisha namba ya simu halafu baada ya muda akairudisha ileile ya zamani. Alikuwa anaijua ile simu. Kila mwezi Kulwa aliokaa bila kupatikana, baba alikuwa anaigeuza kichwani, ni watoto wa kijiweni au siyo wao.

Majibu yalipotoka, kijana mmoja wa maabara alinipigia mimi kwa kuwa ananifahamu, akauliza kwa heshima kama sampuli hazikuchanganywa. Gego lililotoka kwenye fuvu na mate ya Doto vilikuwa vinasema mtu mmoja. Nikamwambia hazikuchanganywa, hao ni mapacha. Nimefundisha jambo hilo darasani miaka yote kwa chaki na mchoro, lakini sikuwahi kufikiria litakavyosikika kwa mwenyewe. Nilipomweleza Doto alijishika shavu, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mle." Kwa herufi zile ninazozisoma mimi, alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo Doto hapendi kusikia kitu kinagongwa. Jirani yake ni fundi bati, na amemwomba ahamishe kazi yake upande wa pili wa barabara. Fundi anadhani ana kiburi.

Sasa tufike kwa baba. Askari alikuja hapa nyumbani kutusomea majibu na kutaka sahihi ya mkuu wa familia ili tukachukue mwili mochwari, maana mifupa nayo wanaiita mwili. Mama alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni, tayari kulia. Baba akasema hasaini. Akasema hiyo ni sayansi ya watu wanaosema tumetokana na nyani, na kama wamedanganya kwa Adamu watashindwa nini kudanganya kwa Kulwa. Mama akaifungua khanga, akairudisha kichwani. Usipoambiwa umefiwa huwezi kulia, ukilia unaonekana unamtakia mtu kifo.

Na wewe, kaka, ukamletea zile sauti zako. Samahani, lakini lazima niseme. Ulimwambia vinasaba ni ubunifu wa wazungu wasioamini, kwamba siri ya mtu anaijua Muumba tu, asikubali kuzika mifupa ya mgeni. Alizisikiliza akiwa chini ya dirisha langu, akizirudia. Najua ulitaka kumfariji. Hukujua unashikilia mlango gani. Kama mashine zangu zilikuwa za uongo, basi mifupa haikuwa ya Kulwa. Kama haikuwa ya Kulwa, ile simu ilikuwa ya watoto wa kijiweni. Na kama ilikuwa ya watoto wa kijiweni, baba alikuwa amejibu sawasawa. Uumbaji aliouhubiri kwa furaha maisha yake yote ulikuwa umegeuka pango la kujifichia, na kila aliyemtetea Adamu alikuwa anamsukuma ndani zaidi. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilikaa wiki nzima bila kutaja jambo lolote, nikapeta dengu na mama.

Alinijia mwenyewe. Ilikuwa mchana, mama amekwenda kisimani, mimi niko uani na ungo. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kunisaidia kutoa mawe, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nizaliwe. Akaniambia nimweleze, tangu mwanzo, kile ninachofundisha. Nikamweleza. Habari za ng'ombe na chungwa zilimfurahisha kidogo, akasema ndiyo maana ng'ombe hana mafua. Nikamwacha na hilo. Nikamweleza na mapacha, jinsi yai moja linavyogawanyika, na jinsi watu wa maabara walivyolinganisha.

Alichagua mawe kwa muda, kisha akauliza, "Ipo njia ya kukubali haya ya mapacha na kukataa yale ya nyani?"

Kaka, hapa ndipo unaponihukumu, kwa hiyo nisome vizuri. Kama mwanasayansi najua kuwa ni somo moja. Tunavyowatambua ndugu wawili na tunavyotambua ukoo wa viumbe ni kusoma kulekule. Lakini najua pia kuwa wapo watu wengi wanaokubali la kwanza na kukataa la pili, wanazaa, wanasali, wanakufa vizuri. Nikamwambia, "Ipo baba. Wengi wanaishi hivyo. Adamu wako baki naye."

Akauliza, "Na njia ya kukataa yote mawili?"

Nikamwambia kwa Kulwa haipo. Kwa Kulwa nilipeleka roho yangu yote kutafuta kosa katika yale majibu na sikulipata. Niliyasema hayo nikiwa najua ninachokisema, najua simu ilipigwa, najua anakwenda kuangukia wapi. Yeye hakujua kwamba mimi najua.

Akaweka ungo chini. Akanieleza ile simu kama alivyoisikia, na jibu lake. Alisema ile sauti ilikuwa inahema, na watoto wa kijiweni hawakuwa wakihema, walikuwa wakicheka. Alisema aliujua utofauti huo palepale, kidole kikiwa juu ya kitufe, na akabonyeza. Halafu akaomba kalamu.

Tulimzika Kulwa mwezi uliopita, pembeni ya bibi. Mama alilia kilio cha miaka yote kwa siku moja, akamaliza, akamwambia kaburini wabeja, ahsante, kwamba amerudi. Kwa mama naona kuna unafuu. Anakula, anasengenya, amegombana na mke wa mchungaji. Hilo nalo liweke kwenye mizani yako unaponiuliza kwa nini nilisema.

Masalu alikuja msibani. Alisimama kwenye uzio wa minyaa, hakuthubutu kuingia, na baba akamfuata huko huko. Walishikana mikono muda mrefu. Nilisogea na sinia la vikombe ili nisikie, nikijua kilichomo kinywani mwa yule mtu. Baba alimwomba amweleze kwa nini walimwita mwanawe vile. Masalu akasema kwa sababu alikuwa anapanda upesi kuliko wote, bila kamba, akiimba, na wageni walikuwa wanakuja kumtazama. Baba akauliza kama kuna kingine. Masalu alinitazama mimi. Akasema, "Hakuna kingine, mzee."

Kwa hiyo ya kugonga baba hayajui, na wewe sasa unayajua. Hajaniuliza, mimi sijasema. Utaniambia ukweli wangu basi una kona, na nitakubali. Nilimpa kile alichokuwa amekikimbia huku akijua kinamfuata. Hiki kingine hajui kama kipo, na mimi nimeshindwa kumletea. Nimekuandikia wewe kwa sababu siwezi kukibeba na Doto peke yetu, na kwa sababu wewe ni mkubwa wetu. Nakiogopa, kaka. Nikiwa maabara mashine inaposhuka na kupanda nasikia jiwe.

Ombi langu ni moja. Usimtumie tena sauti za kumwambia kwamba yule siyo Kulwa. Adamu mzungumzie kadiri utakavyo, anampenda, na mimi sitaingilia. Lakini ule mlango mwingine amekwisha kuufunga mwenyewe na ilimgharimu.

Na kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujampigia. Baba sasa anapokea kila simu. Zamani namba ngeni alikuwa haigusi, sasa anaikimbilia, hata akiwa anaoga anatoka na povu. Juzi walipiga wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilikuwa karibu, nilisikia mpaka sauti ya tapeli. Tapeli hakumalizia sentensi yake. Baba alimkatiza, akamjibu, na tapeli akakata simu mwenyewe.

Namba zako za huko zote kwake zinaingia ngeni. Kwa hiyo ukipiga hatasubiri umsalimie. Utamsikia akisema, "Ndiyo, ni wangu. Niambie nije wapi." Usicheke kaka, na usikimbilie kumwambia kwamba ni wewe. Mwache aseme yote mpaka amalize, ndipo umwamkie.

Mama anawasalimu sana, na Doto, na shangazi Paskazia ambaye anauliza kama Sostenes ameshaanza kunyoa ndevu. Mpe wifi pole za msiba kutoka kwetu sote. Mungu wa baba, ambaye ni wangu pia, awalinde huko ugenini na kila anayewaita awajue kwa jina.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikikukera,

Noela